Tone Moja la Mafuta

Jumapili, 4 Mei 2025

Leo nimeingia ghala la silaha la klabu ya shabaha, hapa Lusail, kando ya Doha. Si kudeki korido tena — kwa mwezi mmoja wa majaribio, angalau. Mubarak, Msudani, mkuu wa ghala, alinipa aproni na bastola tatu za klabu: Glock, CZ na Beretta. Akasema nizifungue. Nilizifungua zote kabla hajamaliza chai yake.

Akauliza nani alinifundisha. Mume wangu, nikasema, alikuwa askari polisi huko Nyamira. Yuko wapi sasa? Nikasema alifariki, sasa ni miaka miwili na miezi minne. Mubarak akasoma dua fupi na kunisogezea sukari.

Mikono yangu jioni hii inanuka kama jikoni kwetu kwenye laini, zile nyumba za polisi. Kila Jumapili mume wangu Nahashon alitandaza gunia la unga mezani na kunipa springi nishike. "Ikiruka hiyo, Kerubo, tutaitafuta hadi Pasaka." Siku moja iliruka kweli. Tuliipata kwenye sufuria ya mboga, managu.

Nimezipaka mafuta kama yeye. Mengi, hadi zinang'aa. Alisema chuma kina kiu kama mtu.

Jumanne, 6 Mei

Wanachama hapa hubishana bastola kama watu wa kwetu wanavyobishana mpira. Mzee mmoja wa tasbihi anasema Glock haichagui chakula, ipe risasi yoyote, itakula. Kijana wa Beretta akamjibu kwamba hata punda hachagui chakula, lakini nani anaenda na punda harusini? Nilicheka nikiwa nimeinama chini ya meza.

Dkt. Maha ndiye mpole wao. Ni daktari wa meno, ana CZ yake mwenyewe, huiacha kwetu ghalani. Anasema inakaa mkononi kama ilipimwa kwa fundi. Alipoona nilivyoing'arisha aliishika mwangani, akaniita "mama", akasema haijawahi kupendeza hivi.

Henry wa kaunta, Mganda anayemwita kila mwanamke nyabo, yeye aliinusa tu. "Nyabo, hii umeisafisha ama umeikaanga?"

Alasiri Beretta ya klabu ikakwama mara mbili. Mzee wa tasbihi akafurahi kupita kiasi. Nikaiongezea mafuta.

Jumatano, 7 Mei

Siku mbaya. Asubuhi Beretta tena. Saa tisa CZ ya Dkt. Maha, katikati ya mazoezi — slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka, ilirudi nusu ikabaki hapo kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. Halafu Glock. Mzee hakucheka leo.

Mubarak hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Alisema hizi zimetoka viwanda vitatu, nchi tatu, haziwezi kupatana kuugua wiki moja. Kitu kimoja tu zinachoshiriki ni meza. Akaitazama meza yangu.

Alhamisi ijayo ni mashindano ya wanachama wa kike. Dkt. Maha anapiga risasi thelathini. Bastola yake ibaki mkononi mwangu, Mubarak amesema, ili tujue. Ikikwama, narudi kwenye ndoo.

Sijamwambia binti yangu Chelsea. Nilishamwambia kwamba mamake sasa ni fundi. Ameshaliambia darasa zima.

Ijumaa, 9 Mei

Mapumziko. Niko mtaani kwetu Al Mansoura, chumbani. Upepo tangu alfajiri, vumbi limejaa hata kwenye mswaki.

Jeptoo, tunayeishi naye, alioga akajipaka vaselini uso mzima, ya kung'aa, vile mama zetu walitupaka tukienda kanisani. Akatoka kununua mkate. Dakika kumi tu. Alirudi na uso wa kahawia kama amepigwa rangi ya ukuta, nyusi hazionekani. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Naye anasema, "Cheka tu, lakini nyumbani hii kitu iliniokoa na baridi miaka kumi na nane."

Hapo nikaacha kucheka.

Nyamira mvua kila alasiri. Ukiacha kisu nje, asubuhi kina kutu. Nahashon alikuwa akipigana na mvua. Hapa kuna mvua gani?

Jumapili, 11 Mei

Nilifika kabla ya Mubarak. Nikafungua CZ na kupitisha kitambaa cheupe ndani ya slaidi. Kilichotoka hakikuwa mafuta. Kilikuwa uji. Uji wa wimbi kabisa, mzito, rangi ileile, na ukiusugua kati ya vidole unasikia mchanga. Viwanja vyetu vya shabaha viko wazi juu, na jirani wanajenga ghorofa usiku na mchana. Vumbi linatua, mafuta yanalishika. Mimi nikiona imekwama naongeza mafuta. Nilikuwa nazipikia uji.

Nilimwambia Mubarak yote, hata la vaselini. Hakucheka, lakini masharubu yalitikisika. Akasema nimwonyeshe. Basi tukatayarisha mbili: Glock kwa njia ya Nahashon, imelowa, na Beretta imefutwa hadi ikauka, kisha tone moja kila upande wa slaidi, lisambazwe kwa kidole. Tukaziacha kibarazani hadi saa tisa. Henry akazipiga risasi hamsini hamsini, huku akitangaza kama redio.

Glock ilikwama mara tatu. Beretta haikukwama hata mara moja.

"Sasa mzee asiambiwe," Henry akasema. "Atalia." Lakini Mubarak alimwambia mzee mwenyewe, kwamba Glock haina kosa, mwenye kosa ni mpishi. Mzee akanipa tende.

Mubarak anasema risasi hamsini si kitu. Kavu kupita kiasi nayo inakwama, chuma kikipata moto. Sharti la Alhamisi liko palepale.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimemkasirikia Nahashon. Mara ya kwanza tangu tumzike. Nilikuwa nafuta mtutu na nikamwambia kwa sauti, Baba Chelsea, ungeniambia basi ni kwa sababu ya mvua! Kwa nini ulisema chuma kina kiu?

Halafu nikamsikia kabisa vile angejibu. Angesema yeye Doha angejuaje, aliwahi kufika wapi zaidi ya Nakuru. Nikacheka peke yangu. Miaka miwili nimekuwa nikimwongelesha kwa adabu kama picha ya ukutani. Kumgombeza ni kutamu. Ni kama amerudi kutoka zamu na viatu vyenye matope.

Nimempigia Chelsea nikamweleza yote, hata ndoo. Akauliza, kwani fundi hakosei? Akaniambia nimtumie picha ya huo uji.

Jumatano, 14 Mei

Dkt. Maha alikuja kuichukua CZ kwa mazoezi ya mwisho. Akaitazama. Imekauka, haing'ai. Akauliza kwa upole kama nimeisahau. Akaomba niirudishie mafuta kama mwanzo, kesho watakuwepo dada zake.

Ningeweza kuipaka kwa nje tu, ingependeza. Lakini mafuta ya nje hufika ndani. Nikamwambia hapana, daktari. Nikamwambia kwamba wiki iliyopita ilikwama kwa mkono wangu, si kwa bastola wala kwa risasi. Akasema yeye huwaambia watu wasisugue meno kwa nguvu, na hawasikii, wanapenda kuona yanang'aa. Akaichukua.

Akiwa mlangoni akageuka, akasema: Ikikwama kesho, mama, nitaomba anihudumie Mubarak mwenyewe. Si kwa ubaya. Kwa kweli si kwa ubaya.

Alhamisi, 15 Mei

Saa kumi kasorobo. Naandika nyuma ya fomu, ghalani. Siruhusiwi kwenye mstari wa kupigia, ni wapigaji na waamuzi tu. Mubarak yuko kule kama mwamuzi. Upepo tangu adhuhuri, Lusail nzima imekuwa rangi ya chai ya maziwa, minara haionekani. Nilimuuliza Mubarak kama wataahirisha. Akasema Inshallah hapana, na akacheka, mara ya kwanza nimwone meno.

Asubuhi niliifuta CZ mara mbili. Tone moja, tone moja. Chupa nikaifunga, nikaiweka kabatini.

Dkt. Maha ameanza. Wengine wanapiga haraka, yeye hapana. Najua risasi zake kwa mwendo. Magazini ya kwanza, kile kikasha cha risasi, kumi. Safi. Magazini ya pili, kumi. Nimegundua nimesimama. Nimekaa.

Upepo unapiga dirisha.

Ya ishirini na moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kimya.

Inaweza kuwa anapumzisha mkono. Inaruhusiwa. Inaweza kuwa vumbi limemwingia jichoni. Nimetazama kabati, sijainuka.

Viatu koridoni, vya mtu anayetembea haraka. Ni vya Henry, najua anavyoburuta wa kushoto. Kama imekwama wataniuliza tena nani alinifundisha kuisafisha hivi. Nimeshalipata jibu, nalisema mwenyewe hapa taratibu nisije nikababaika. Hakuna aliyenifundisha. Njia hii ni yangu.

Anafungua mlango.