Kifuniko cha Mkulo

Same, Alhamisi jioni. Upepo haujapumzika tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye uji. Nimekaa kitandani na gitaa mapajani. Halitoi sauti.

Nimelia leo. Mtu mzima, mpiga besi wa bendi ya shamba la mkonge, nimelia kama niliyefiwa.

Jumamosi gari la redio linakuja kuturekodi. Nyimbo chache tu, na mmoja ni wangu, nimeutunga mwenyewe, unaanza kwa besi peke yake kabla mtu mwingine hajagusa chombo. Mama ameshawatangazia Mhezi nzima, kijiji chetu kule milimani. Siku utakapotangazwa watakusanyika kwa mwinjilisti, maana ndiye mwenye redio, wanisikilize.

Niandike yalivyotokea, labda kichwa kitatulia.

Mwezi uliopita kifuniko cha plastiki cha pikapu kilipasuka. Pikapu ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi, kinachonasa mtikisiko wake na kuupeleka kwenye spika. Ndani yake umezungushwa waya mwembamba kuliko unywele, na bila kifuniko unaingiwa na vumbi na jasho la vidole. Gitaa lenyewe lilinunuliwa na mzungu aliyekuwa mwenye shamba, kabla shamba halijataifishwa, na vipuri vyake havipatikani Moshi wala Dar es Salaam. Siku hizi hata wembe unautafuta. Tujitegemee, tunaambiwa. Basi nikajitegemea.

Nilipanda Mhezi, nikamwambia mama nataka kipande cha mti mzuri, kikavu. Hakusita. Alipanda darini, juu ya meko, akashusha ubao wa mkulo, mti wa misitu ya kwetu, ulioachwa na marehemu baba. Umekaa kwenye moshi tangu nikiwa shule. Kwetu ukisema ubao umetoka darini, hakuna anayeuliza tena kama umekauka. Nikachonga hukohuko uani kwa patasi ya baba, ukungu ukipita mlangoni, nikapiga msasa mpaka mama akasema ni laini kama shavu la mtoto.

Nilijivuna, sitaficha. Jumatatu nilikivalisha kifuniko hapa Same, kikabana sawasawa, na ili kisitetemeke nikatia gundi kwa ndani. Wenzangu wote walikuja kukishika. Ndugu Ramadhani, kiongozi wetu, mtu wa Kigoma asiyesifu ovyo, alisema kumbe sisi Wapare tunajua kazi nyingine zaidi ya kushitakiana. Tulicheka sana siku ile.

Jana sauti ikaanza kukatikakatika. Leo asubuhi nikasikia ta, kama kijiti kinapovunjika, na sijagusa kitu. Kifuniko kimesinyaa, kimepasuka kutoka ncha hadi ncha, gundi imevuta waya, waya umekatika.

Ule ubao ulikuwa mkavu kwa Mhezi. Kwa Same ulikuwa bado mbichi.

Nani asiyejua tofauti ya kule na huku? Kule shati linalala kambani siku mbili na bado lina unyevu. Hapa kabla sijamaliza kuanika la mwisho, la kwanza limeshakauka. Nimezaliwa kule, naishi huku, nguo zangu naanika mwenyewe, na bado haikunijia akilini kuuacha ubao kwenye upepo huu kwa majuma machache kabla ya kuutia patasi. Najichukia kwa hilo. Ningekuwa mgeni ningejisamehe.

Fundi wa redio pale sokoni aliitazama pikapu kwa lenzi yake, akanirudishia. Waya wa namna hiyo hana, na ncha iliyokatika imezama ndani, haishikiki.

Nikaenda kwa Ndugu Ramadhani, nikamweleza yote. Nilitamani afoke. Hakufoka. Alisema Moshi kuna bendi yenye besi, na ameona basi bado halijaondoka, atatuma ujumbe sasa hivi. Nilishukuru mpaka nikataka kumshika miguu. Ndipo akamalizia.

"Yule bwana haazimishi gitaa lake, Eliamani. Anakuja nalo mwenyewe. Wewe utamfundisha wimbo wako."

Niliaga, nikatembea mpaka hapa, nikafunga mlango.

Nimefikiri nikatae. Niseme wimbo ni wangu, nisipoupiga mimi usipigwe kabisa. Lakini nikaona jinsi watakavyoketi kwa mwinjilisti, mama mbele kabisa na kitenge chake cha kanisani, wakingoja kitu kisichokuja.

Nimefikiri pia nipande nikamweleze mama ukweli. Tatizo ni pa kuanzia. Ukweli wenyewe unaanzia kwenye ubao wake. Atajua kwamba kilichonyamazisha gitaa ni kile alichonishushia kwa mikono yake, alichokitunza tangu baba afe. Atabeba lawama isiyo yake mpaka kaburini. Namjua mama yangu.

Nimechoka. Sijui hata kama ninayeumia ni mimi mtunzi au mimi mtoto.

Kesho yule bwana atashuka kwenye basi la Moshi. Nitampokea, nitambebea gitaa lake, nitamwonyesha wimbo kidole kwa kidole, hata pale ninapochelewesha noti kidogo kwa makusudi. Jumamosi nitasimama nyuma ya gari la redio, mikono mfukoni, nikisikiliza kama mtu yeyote wa Same.

Na siku nitakayopanda Mhezi, mama atanishika mkono mbele ya watu. Atasema wote wamenisikia. Atauliza kama ule mkulo ulikaa vizuri.

Ulikaa vizuri, mama. Ndivyo nitakavyomwambia.