Papa Aliomba Ndoa Siku ya Noeli

Kasongo, 28 Desemba 2024

Papa mupenzi,

Jambo sana. Afya iko namna gani? Na mugongo? Sisi hapa tuko wazima, watoto wanakusalimia.

Jana sokoni nilikutana na Alain mwenye kubeba watu na pikipiki, alikuwa ametoka kwenu Kabambare. Hata jambo hakusema, alicheka tu: "Rosine, pongezi kwa mama mupya!" Mama gani? Ndiyo akanieleza kama siku ya Noeli ulianza kunywa malafu misa ilipotoka tu, ukaongeza lutuku, ile pombe kali, ukapanda juu ya kiti mbele ya wakristo wote na kumuomba Mama Cécilia wa korali akuoe. Akuoe wewe! Kisha ukaanguka ndani ya sufuria ya mboga ya sombe.

Papa, ni kweli? Mama hajamaliza hata miaka ine tangu tumuzike. Nijibu haraka.

Mutoto wako, Rosine

Kabambare, 6 Januari 2025

Binti yangu,

Nakusalimia sana, wewe na bwana yako na wajukuu. Mugongo iko muzuri. Goti ndilo linauma, na sababu usiulize.

Alain ni muongo. Haikuwa sufuria, ilikuwa beseni. Na nilikunywa kidogo tu. Ile ingine ni jirani Gérard alinilazimisha. Maneno niliyomuambia Cécilia siyakumbuki hata moja. Nilifikiri watu wananichokoza. Lakini siku ya Bonane, mwaka mupya unaanza, asubuhi, nasikia hodi. Ni yeye, na kikapu cha mihogo, na dada yake Jeannette nyuma. "Papa Antoine, nimekuja kuona nyumba." Aliiona! Alifunua mpaka masufuria. Akasema, "Huu ukuta utaupaka chokaa." Nikajibu ndiyo, sababu kichwa kilikuwa kinanipasuka.

Mutoto wangu, umuandikie wewe, useme familia imekataa. Mimi namuogopa.

Papa yako

Kasongo, 15 Januari 2025

Papa,

Salamu. Uliuguze goti.

Mimi sitamuandikia. Wewe ulimuomba, wewe utamuambia. Nililia sana juu ya Mama, lakini huyu naye ni mujane, haifai kumuchezea mbele ya watu. Enda asubuhi, bila kunywa kitu.

Na unieleze: kwa nini kila sikukuu unalewa hivi? Mama akiwa hai ulikuwa unakunywa glasi moja, unaimba, basi.

Rosine wako

Kabambare, 22 Aprili 2025

Rosine mutoto wangu,

Pasaka njema kwenu wote. Mimi ni muzima. Nisamehe kunyamaza, nilikuwa napaka chokaa.

Nilienda kwake kesho yake baada ya barua yako kufika, tumbo iko na chai tu. Nilitaka kusema ilikuwa pombe. Akanitangulia: "Najua ulikuwa umelewa, Kabambare nzima inajua. Nilikuja Bonane kuona kama utanifukuza. Haukunifukuza."

Ndiyo nikamujibu lile swali lako la kulewa, yeye kwanza, wewe sasa. Siku zingine natoka shambani nimechoka, nalala. Lakini sikukuu kila mutu anarudi kwa watu wake, na mimi narudi kwa nyumba yenye kunyamaza. Ndiyo maana nakunywa, nisiisikie. Sikujua kama naweza kusema vile. Akanivutia kiti.

Juzi, Pasaka, tulikula pamoja. Gérard alileta lutuku, mimi nikakunywa Fanta, naye anacheka mpaka machozi. Nikamuomba Cécilia tena, nimekaa chini, kwa sauti ndogo. "Sikusikia," akasema. Nikarudilia. Bado hakusikia. Mara ya tatu hata majirani walisikia.

Amekubali, lakini harusi ni baada ya Noeli, akiona nimeipitisha bila kulewa, na akili yangu. Na kwanza anataka kukuona wewe. Atafika huko Jumamosi. Anaogopa sana, Rosine. Hajaniambia, lakini kitambaa chake cha kichwa amekifua mara mbili leo, na hakikuwa kichafu.

Umupokee.

Papa yako, Antoine