Atomi Pacha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imeacha kukusumbua. Macho je? Dada aliniambia kwa simu kwamba la kushoto limeshafunga, na la kulia daktari anasema halitamaliza mwaka. Najua yeye ndiye anayekusomea barua hii. Mwambie asiruke mistari, namjua. Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila roho ni nzito.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nina kipande cha madini yaitwayo oksidi ya titani, kidogo kama ukucha. Nakiweka ndani ya chungu cha chuma kilichonyonywa hewa yote, nakipasha moto mpaka kinatakata, kisha nakipitishia mvuke wa dhahabu ili utando uote juu yake, unene wa atomi moja tu. Dada asianze kuota hereni. Dhahabu hiyo haitoshi hata kumpamba mbu. Halafu sindano kali mno inapita juu ya utando bila kuugusa, na kompyuta inachora kila atomi ilipokaa.

Ndivyo nilivyopata ile picha niliyokusimulia: atomi zimekaa mbilimbili, pacha, mpangilio ambao hakuna aliyewahi kuuona. Profesa wangu, mzee mkavu asiyecheka ovyo, alinikumbatia. Alisema nimalize tasnifu haraka, nitavaa joho mwaka huu. Nami nikakuahidi utaniona nimelivaa kabla jicho halijafunga.

Wiki iliyopita nikiiandaa picha hiyo kwa ukurasa wa kwanza wa tasnifu, niliona hata chembe za uchafu ni pacha. Zote, na zote zimelalia upande mmoja. Ncha ya sindano ilikuwa imemeguka ikawa mbili, kwa hiyo kila kitu ilikichora mara mbili. Nilibadilisha sindano, nikapiga picha upya. Atomi zimekaa mojamoja, kama wengine walivyokwisha kuziona.

Hakuna mwingine aliyegundua, hata profesa. Ningeweza kunyamaza. Nilishinda nikikufikiria wewe, umekaa viti vya mbele, umependeza. Mwishowe nikaenda kumwambia. Alivua miwani, kisha akasema afadhali neno hilo limetoka kwangu kuliko kwa watu wa nje. Kazi ianze upya, na joho la mwaka huu nisahau.

Ndiyo maana roho ni nzito. Ahadi niliyokupa nimeivunja kwa kinywa changu mwenyewe, na nimelia sana. Nilipomweleza profesa habari za macho yako, alinipa ruhusa papo hapo. Nakuja Jumamosi, Mama. Sina joho, sina cheti. Nataka tu tukae dirishani mchana, jua likiwaka, uniangalie mpaka utosheke.

Msalimie dada. Kama kilio kimemkwamisha hapo juu, mpe muda, kisha aendelee.

Akupendaye daima,
Kitinda mimba wako