Mikorosho Si Bendera

Bigwa, Morogoro

Mwanangu Somoe,

Marahaba, maana najua ukifungua tu bahasha hii utaniamkia. Mimi mama yako mzima, baba yako mzima, ila kifua kinambana kwa baridi inayoshuka mlimani. Wasiwasi wangu ni wewe na mtoto. Kile kikohozi chake kimekwisha? Usimwogeshe jioni. Ukijibu, anza na hilo kabla ya mengine.

Sasa kaa kitako. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo vumilia mistari inayopanda na kushuka kama njia ya Kinole huku milimani.

Tunasoma elimu ya watu wazima hapa shuleni, watoto wakishatoka. Tunakalia madawati yao, magoti yanagusa kidevu. Wiki iliyopita Mwalimu Felista alitundika ramani ya dunia, akatueleza habari za Wazungu waliovuka bahari kwenda Amerika. Mwanangu, nilisahau hata mboga niliyoiacha jikoni. Anasema wa kwanza walikuwa Waviking, watu wa kaskazini kwenye barafu. Walikwenda na mashua za wazi, za tanga na makasia, dira hawana, wanatazama jua na ndege, kisiwa hadi kisiwa, mpaka wakafika. Wakajenga nyumba za udongo na majani, wakakata mbao, wakapigana na wenyeji, kisha wakarudi kwao. Ikapita miaka mingi sana, ndipo wakaja wale wengine, na meli kubwa, dira, na karatasi ya mfalme. Wakashuka, wakachomeka bendera mchangani, wakasema nchi hii ni yetu. Na wenyeji wamesimama pale pale wanawatazama.

Mwalimu akauliza nani zaidi. Darasa likawaka. Mzee Kobelo, jirani yetu mkulima wa mboga, akasema Waviking ndio wanaume, kuvuka bahari ndani ya kitu kama hori la ng'ombe. Mama Tausi akamjibu wanaume gani, si walikimbizwa wakarudi kwa mama zao. Mimi nikasimama, hata sijui nguvu nilizitoa wapi, nikasema Waviking nao walimwaga damu, siwasifu, lakini hawa wa bendera ndio wezi. Nikapigiwa makofi.

Ndipo Bi Zena, yule mama wa Kiluguru aliyetuazima shamba, akasema nyuma yangu, taratibu kabisa, "Na ile mikorosho yako shambani kwangu, mwenzangu, nayo ni mbao za Waviking au ni bendera?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani utani. Njiani Mama Tausi akanishika mkono, akaniambia si utani. Hapa shamba ni la ukoo, linapita kwa akina mama. Ukiazimwa, panda mahindi, maharage, mchicha, hakuna atakayekuuliza. Mti wa kudumu hupandi, maana kupanda mti ni kusema sitoki. Na ndugu zake Bi Zena walikuwa wameshakaa kikao, wanataka tuondoke tukishavuna.

Zile mbegu ulizifunga wewe kwenye pindo la kanga yangu siku naondoka Newala. Nilizipanda ili nikiamka nione kitu cha nyumbani, na sasa zimefika magotini. Na wewe nimeshakuambia uje na mumeo tulime pamoja. Mngekuja kulima wapi?

Baba yako akasema nisihangaike, ardhi siku hizi ni ya taifa, ataenda kwa mwenyekiti wa kijiji tuandikiwe karatasi. Nikamwambia, "Baba Somoe, hiyo ndiyo ile karatasi ya mfalme." Akanitazama kama nimepagawa. Ikabidi nimweleze somo lote, na mashua, na barafu. Mwisho akachukua jembe mwenyewe.

Tuliing'oa miche na udongo wake, nikaibeba kwenye karai mpaka kwa Bi Zena. Nilipiga magoti, nikamwambia sikujua, ingawa hata kwetu mkorosho ukiuona unajua pana mwenyewe. Alipokea karai, akaingia ndani. Nikarudi nyumbani.

Asubuhi nasikia jembe shambani. Bi Zena huyo, anaipanda ile ile mikorosho mpakani kwa mkono wake, na kaka yake mkubwa anayesemea ukoo amesimama kando.

"Aliyepanda ni mimi," akasema bila kuinua kichwa. "Maji utatia wewe. Korosho watakula wajukuu zako, mimi sina meno."

Kaka yake, habari za darasani zilishamfikia, akaniambia, "Haya Viking, lete maji." Ndilo jina langu sasa, Bigwa nzima.

Mche mmoja umenyauka, mingine imeshika. Habari za kuondoka zimekwisha, basi njooni. Mkivuka Rufiji kwenye kivuko, umshike mtoto kwa mikono miwili na usisogee ukingoni, hata kama watu wanasukumana. Bebeni unga wa muhogo, bebeni nguo za baridi. Mbegu za miti ziacheni.

Mwamkie bibi yako, mwambie miguu yake aikande kwa maji ya moto. Nisalimie mjomba wako aliyebaki na mikorosho yetu, na mama mkwe wako anayekulea kama mwanawe.

Na mkifika Bigwa, hata kama umechoka, usianzie kwangu. Mpeleke mtoto kwanza kwa Bi Zena akamwone.

Ni mimi mama yako, mtia maji,
Mama Somoe