Mutuka Moja, Bachauffeur Babili

Lubumbashi, 6 janvier 2025

Yaya Mumbere,

Jambo yako kule Goma! Afya iko namna gani? Huku Mama iko muzima, duka inatembea, paka mimi njo sipate usingizi juu ya furaha.

Yaya, nimehama! Niliacha simulateur yetu ya zamani, ile jeu ya kuendesha mutuka ku ordinateur, nikaingia mu ile mupya. Tairi inapata moto, mutuka iko na uzito, ukikanyaga frein, ile breki, vibaya, ukuta inakupokea! Haya moja tu: miaka yote tuliendesha ba Toyota ya kutoka Zambia, volant, ile usukani, kuume. Mu hii jeu mupya volant iko kushoto. Basi kila kona ninapangusa ukuta ya kuume, bantu banacheka paka machozi.

Kwiko course, mashindano, mu mwezi ya tatu: mutuka moja, bachauffeur babili. Kila mutu lazima aendeshe, bila ile, équipe, timu yote, inafutwa. Nimeandika majina yetu. Kuya!

Mudogo wako, Gradi

Goma, 9 janvier

Mudogo wangu,

Salamu yako imefika, niko muzima. Weye njo mugonjwa, wa kichwa! Ile barabara ya Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, mu jeu yetu, nani aliichora? Mimi! Sijafika kule hata siku moja, nilichora na picha zako, shimo kwa shimo, na file, ule mustari yote ya ba camion. Leo unasema niache? Futa jina yangu.

Yaya wako, Mumbere

Lubumbashi, 28 janvier

Yaya, tumesikia Goma imeanguka mu vita. Uko wapi? Simu haiingie. Mama hakule tangu jana. Tuache mambo ya jeu, jibu paka neno moja.

Mudogo wako

Lubumbashi, 20 février

Yaya, banasema nitafute chauffeur mwingine, liste inafungwa leo. Nimekatala. Jina yako inabakia.

Mudogo wako

Mpulungu, Zambia, 11 mars

Gradi, niko muzima! Mwambie Mama, mwambie mara mbili! Nilipita Bukavu, Uvira, kisha bateau paka huku. Simu yangu balininyang'anya ku njia. Hii ni ya chauffeur wa kabila yetu, Munande, anapakia samaki ya kuleta kwenu.

Ordinateur ilibakia mu nyumba, na barabara yetu ndani. Nililia, halafu nikacheka: mutu mwenye aliacha nyumba mulango wazi, atashindwa kuacha jeu? Jina yangu ingali?

Yaya wako

Lubumbashi, 11 mars

Ingali! Samedi, tarehe 15, saa nane! Mama anaruka mu duka sawa mutoto! Kuya mbio!

Mudogo wako

Kasumbalesa, 15 mars

Mudogo, camion haisogee mu ile file. Anza bila mimi. Nashuka, natafuta taxi.

Yaya wako

Lubumbashi, 15 mars, jioni

Yaya, uko na casque ku masikio, hausikie, njo ninakuandikia ku karatasi. Utasoma kisha.

Nilianza peke yangu ku volant: usipofika, tumefutwa. Mara mulango inafunguka, unaingia na vumbi paka mu kope, unauliza "Wapi frein?" Hata kusalimia! Sasa uko wa mwisho, nyuma ya bote, na unapiga kelele ya furaha. Équipe yetu ingali ndani!

Mama iko nyuma yako na sahani ya bukari, ugali yetu. Nilitaka kukutoa casque, akanipiga mukono: "Muache, amalize." Anaangalia shingo yako tu. Bukari imepola, yeye hata kusogea.

Mudogo wako, Gradi