Mshindi wa Mazoezi

Al Rayyan, Doha

Kwako Baba Neema,

Hujambo mume wangu? Neema na Musa hawajambo? Mimi mwili uko salama, kichwa ndicho kimevurugika. Simu yako haipatikani tangu juzi, kwa hiyo nimemwomba Rehema, tunayelala naye chumba kimoja, akuletee barua hii kwa mkono. Anakuja likizo.

Uliniambia, "Wewe uko ndani ya televisheni, utajua kabla yetu. Akishinda mtu wetu kwenye uchaguzi huu niambie mapema, niwapeleke watoto kwa mama kijijini kabla majirani wa upande wa pili hawajakasirika." Baba Neema, mimi pale kituoni napika chai tu! Lakini nilijisikia mkubwa, nikasema sawa.

Juzi nikipita na sinia, nikaona picha ya mtu wetu kwenye skrini kubwa, chini yake wameandika MSHINDI. Nikakutumia ujumbe palepale: ni wetu, toa watoto. Hata simu sijairudisha mfukoni, ikatokea picha ya yule mwingine, na neno ni lile lile.

Nikamuuliza Bwana Idris, Msudani anayesimamia habari. Akacheka.

"Ukhti, hayo ni mazoezi. Tunawatayarisha wote wawili."

"Na aliyeshinda kweli ni nani?"

"Hatujui. Kura zilizobaki zinatoka kule anakopendwa wa pili. Zinaweza kugeuza."

Nikamwambia, mbona Wamarekani mliwatangazia mshindi kura zikiwa bado zinahesabiwa? Nilikuwepo, hata keki nilikata mimi! Akasema kule watu huulizwa wakitoka kupiga kura, na kila eneo linajulikana hupiga vipi. Wakiona zilizobaki haziwezi kumfikisha aliye nyuma, wanatamka. Kwetu hawana hayo, wanangoja tume isome.

"Tukisema leo na kesho ikageuka," akasema, "watu wakishatoka barabarani huko kwenu, nani atawarudisha nyumbani?"

Mengine hayakuniingia, ila hilo la mwisho liliniingia. Nilienda jikoni nikalia. Nikakupigia nikuzuie usitoke na watoto, simu imezimwa.

Leo tume imetangaza. Ni mtu wetu, yule yule niliyekuandikia! Sasa sijui nilikosea au nilipatia. Wakenya wenzangu wananikumbatia, mimi nimesimama tu, namuuliza Bwana Idris kama haya nayo ni mazoezi. Safari hii hakucheka. Wanaonyesha matairi yakiwaka, lakini hawasemi ni mtaa gani, na kila ukuta naona kama ni wetu.

Nisalimie dada yako na shemeji, na yule mama mwenye nyumba aliyetupa chumba bila kutuuliza kabila. Msalimie mama mkwe, kama watoto wako kwake. Kama hawako kwake, salamu zote ziache kwanza. Mwambie Rehema walipo, kabla hata hujamkaribisha kiti, anipigie.

Mkeo anayeshika simu hata akipika,
Mama Neema