Nikisalimia nachelewa, nisiposalimia nasemwa

Bi Mwatum, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani na kichwa kimefungwa bendeji, na naomba uniokoe kabla sijakosa kazi au kichwa chenyewe, maana mke wangu anasema kichwa, mama yangu anasema heshima, kampuni inasema dakika, na mimi ni mtu mmoja.

Nina miaka ishirini na sita, nakaa Ng'ambo, na kazi yangu ni kupeleka chakula kwa pikipiki, yaani mtu anaagiza kwa simu, mimi nachukua mkahawani Mji Mkongwe nampelekea alipo, na simu inahesabu dakika tangu nnapopokea mpaka nnapofika, na mteja ananipa nyota, tano kama karidhika, na zikishuka sana kampuni inanifungia sipati kazi tena. Mwanzo nilikuwa nawahi vizuri, navaa helmeti yangu yenye kioo cheusi, nakata mitaani kwetu kukwepa foleni, na sikuwa na tatizo na mtu mpaka mama yangu, Bi Radhiya, alipokwenda harusini akaambiwa na wenzake, pale pale kwenye sinia la pilau, kwamba Ubwa wako siku hizi kapata pikipiki anatupita kama tumekufa. Mama alirudi bila kula. Akaniambia, "Mimi sikuzaa mtu wa kupita watu wazima kama anapita magogo. Kama hiyo kofia ndiyo inayokuziba mdomo, ivue."

Basi nikaivua, lakini sikuiacha nyumbani kwa kuogopa askari wa barabarani, nikawa naivaa kwenye kiwiko, na nikifika mtaani napunguza mwendo, watu wananitambua, nasalimia, na wewe unajua salamu za kwetu haziishi kwa neno moja, shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, mama je, hajambo, na huyo mke, mzima, mwezi wa ngapi huu, wa saba, na miguu inamvimba, inamvimba kidogo, mwambie apunguze chumvi, na kwa kuwa nnapita basi napewa na mizigo, mpelekee fulani hiki, njia yako. Nikitoka mtaani dakika zishakwisha, nazitafuta barabarani kwa mwendo.

Jumatatu iliyopita nilikuwa na biriani ya kupeleka Chukwani, nimepewa dakika ishirini na tano, nikaona nipite mitaani ili niwahi, nikasalimia watu wanne, wa tano akawa Bi Mwanamwema, akaniuliza nnakwenda wapi, akaniambia, "Ngoja, nina visheti vya mwanangu Khairat, yuko huko huko Chukwani," nikangoja avitie kwenye kopo, kifuniko hakikuonekana, tukakitafuta, na nilipofika barabara kuu nilikuwa nimebakiwa na dakika saba. Nikaiachia pikipiki mwendo. Karibu nafika nikasikia mtu ananiita, "Ubwa!", nikaitika "Naam," nikageuka, nikanyanyua mkono, na pale pana mchanga uliomwagwa na gari la ujenzi.

Kiwiko hakikupata hata mchubuko. Kichwa kimeshonwa nyuzi saba. Aliyeniita ni Hamad, jirani yetu, alikuja mbio, nikamuuliza nikiwa nimelala, "Ulikuwa unasemaje?" Akasema, "Hapana, nilikuwa nakusalimu tu." Biriani ilikuwa nzima, nikainuka nikaipeleka, nikapeleka na visheti, ndio nikaenda hospitali. Mteja kaandika: "Kijana ana adabu, kachelewa, anatoka damu. Nyota mbili." Kampuni imeniletea ujumbe kwamba nikichelewa mara tatu nyengine nimefungiwa.

Mama nimemwambia nimegonga kizingiti cha mlango. Mke wangu Faiza anajua ukweli, na kasema siku akiniona natoka kichwa wazi atakwenda kwao Mtoni akazae huko, na mtoto atamwambia kwamba baba yake alikuwa mtu wa salamu sana. Keshokutwa natoa nyuzi narudi kazini. Nivae nisemwe, au nivue nisalimie? Na nikisalimia nitawahi vipi?

Ubwa, Ng'ambo

Majibu ya Bi Mwatum

Marahaba, Ubwa. Barua yako nimesomewa na mjukuu wangu Nusrat mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, nikamwambia arudie bila kucheka, akarudia, nikacheka mimi. Sasa nshamaliza kucheka. Pole kwa kichwa. Nashukuru Mungu umeandika wewe mwenyewe na si Faiza kuniandikia habari zako.

Una miaka ishirini na sita na kofia umekivisha kiwiko. Kiwiko kina nini ndani, mwanangu, hata ukifiche? Umemwogopa askari, umewaogopa wanawake wa harusini, umeiogopa simu, kitu pekee ambacho hukukiogopa ni barabara, na ndiyo iliyokupasua.

Mama yako simlaumu sana. Kaambiwa mbele ya watu, na chakula hakikumpita kooni. Lakini wewe ulipaswa kumwambia, "Mama, nikivua hii naweza kufa." Hukusema. Ukaona ni adabu kunyamaza. Halafu ukaanguka, ukaona ni adabu kusema kizingiti. Bi Radhiya mpaka leo anakuamrisha jambo asilolijua, na kosa hilo ni lako. Mama anayejua mwanawe kapasuka kichwa hamwambii avue kofia. Hajazaliwa mama huyo, na mimi nimewaona wengi, wengine wakali kuliko mbwa aliyezaa.

Na salamu usiitwishe mzigo ambao si wake. "Assalamu aleikum" inatoka hata ndani ya kofia. Atakayeisikia ataitikia, asiyeisikia hakupungukiwa kitu. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekwambia uachie usukani. Hilo umelizua mwenyewe.

Sasa nisikilize. Hiyo njia yako ya mkato yenye watu watano wa kusalimiwa na kopo la kutafutiwa kifuniko si ya mkato. Ukiwa na chakula cha mtu pita barabara kuu, kwenye foleni, hapo hakuna anayekujua wala kumjua mama yako. Umesema ulipewa dakika ishirini na tano kwa Chukwani. Ulizitumia kumi na nane kuuliziwa miguu ya Faiza. Halafu utasema kampuni haina huruma. Huenda haina, sijui, sijaonana nao, lakini hizo kumi na nane hawakuzila wao.

Visheti vya Khairat, hapana. Mwambie Bi Mwanamwema, "Nikimaliza kazi, Bibi, nitakuja kuvichukua." Atanuna siku mbili. Visheti havilali vikaharibika, ndiyo maana tunavipika.

Ukiona foleni imekukamata, simama pembeni, mpigie mteja: "Nnakuja, njia imeziba." Mwenye njaa akijua unakuja anangoja. Anayemkasirisha mtu ni yule asiyesema. Na dakika zikishakwisha, zimekwisha. Hazitafutwi kwa mwendo. Ukichelewa hiyo mara ya tatu, chelewa. Wakikufungia, wamekufungia, utauza hata urojo na mimi nitakuja kula bakuli la kwanza. Faiza huwezi kumnunulia mume mwengine kwa nyota tano.

Ukiitwa barabarani usigeuke. Wala "naam" usiseme. Mwenye shida na wewe atakuja kwako, na Hamad, umesikia mwenyewe, hakuwa na shida yoyote.

Nyinyi mnaokaa mabarazani na nyinyi nawasema, kwa sababu najua hii mnasomeana. Mnamwita mtu aliye juu ya pikipiki ili mumuulize mama yake hajambo, na mama yake yuko nyumba ya tatu kutoka hapo mlipokaa. Nyanyukeni mkamuulize.

Ubwa, Ijumaa ukitoka msikitini tembea mtaa mzima kwa miguu. Kila mlango, kila baraza. Msalimie kila mtu mpaka achoke yeye, waulizie miguu na migongo yao, na umwombe kila mmoja ruhusa: "Nikiwa na kofia niko kazini, niwieni radhi, salamu zangu nitazileta Ijumaa." Ukishaomba ruhusa hiyo mtu akikusema, kajisema mwenyewe. Na kila Ijumaa uende kweli, usinitie aibu.

Lakini kabla ya Ijumaa, leo hii, nenda kwa mama yako. Fungua bendeji mbele yake, mwambie si kizingiti. Ataanza kwa kukutukana. Kaa chini, utukanwe. Halafu atakutazama uzi kwa uzi, atalia, atakupakulia chakula, kula hata kama umeshiba. Ukimaliza kula usimwombe anyamaze. Mwache atoke. Wale wale waliompa habari kwenye sinia la pilau atawapelekea hii ya nyuzi saba mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na mpaka inapoadhiniwa magharibi hakutakuwa na mtu Ng'ambo atakayetaka kusalimiwa na mtu aliye juu ya pikipiki.

Na mimi siku ukinikuta njiani, nipite.